Moto wa Bondeni na Mgeni Aliyevimba Uso

Siku ile sungura aliingia jikoni kwangu kwa miguu yake mwenyewe, wakati nakatakata vitunguu.

Sikumkimbiza wala sikumtega. Alipita kati ya masufuria, akajibanza nyuma ya gunia la mkaa, anahema.

Nikasema alhamdulillahi, leo mboga imejileta.

Kabla sijafunika sufuria, kundi la kanga, wale ndege wa porini, likapita mbele ya kibanda mbio mbio. Nyuma yao digidigi. Kambi nzima ikalipuka kwa shangwe. Watu wazima na akili zao wakaokota fimbo.

Mimi naitwa Tabu, ila wengi wananiita Mama Swaumu. Nauza chakula kwenye machimbo madogo ya dhahabu, bondeni, mbele kidogo ya Buseresere. Mimi na mume wangu Masudi tulitoka Sikonge kuja kutafuta maisha. Maisha bado hatujayapata. Joto tumelipata la kutosha.

Mwezi wa tisa ule, jamani, jua lilikuwa na ugomvi binafsi na sisi. Nyasi za bonde zilikauka mpaka ukizikanyaga zinavunjika kama maganda ya karanga. Ukisema bora upepo uvume, upepo wenyewe unakuja wa moto.

Mwenyekiti wetu wa kambi, mzee Mabula, alikuwa na mpango kabambe wa kupambana na moto.

Mpango wenyewe ni spika.

Kila asubuhi anaiwasha, anatusalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka! Ndugu wananchi, joto ni kali! Msiwashe moto ovyo!"

Siku moja nikamfuata. "Shikamoo mwenyekiti. Sasa moto ukija, tunauzima na nini?"

"Marahaba. Tutatangaza."

Haya.

Turudi kwenye nyama. Maganga, msimamizi wa duara, yaani shimo la dhahabu alilokuwa anachimba mume wangu, naye alikimbia na fimbo. Kazi yake ni moja tu: kukaa juu ya shimo muda wote watu wakiwa chini.

Nikamwita, "Maganga! Duara unamwachia nani?"

"Dakika moja tu, Mama Swaumu!"

Katika umati wote ule, hakuna aliyejiuliza nyama inakimbia nini. Hata mimi, nilikuwa nawaza pilipili.

Aliyeinua kichwa ni Nelly, jirani yangu anayeuza maji.

"We Tabu, lile ni wingu?"

Halikuwa wingu. Upande wa juu wa bonde moshi ulikuwa umesimama mweusi, na chini yake mstari mwekundu unakuja kwa kasi, upepo unausukuma.

Spika ikalia, "Moto! Moto!" Kweli, mwenyekiti alitangaza kama alivyoahidi. Kisha akakimbia nayo.

Mimi nikaliona kwanza duara.

Kule chini hewa inapelekwa na mashine, inavuta hewa ya juu na kuisukuma shimoni kwa bomba. Ikivuta moshi, inawapelekea moshi. Na mume wangu alikuwa chini. Asubuhi aliniaga, kofia kichwani, tochi mkononi.

Nikamshika Nelly mkono, tukakimbia. Tukazima mashine. Nikapiga kelele shimoni, "Pandeni! Moto! Pandeni!"

Tukashika winchi ya mkono, ile inayovuta kamba. Kazi ya wanaume wanne, siku ile tulikuwa wanawake wawili na kanga zetu viunoni. Viganja vilichubuka, moshi ukatuingia kooni, macho yakawa yanatoka machozi tu.

Akatoka Marcel. Akatushikia winchi. Akatoka Athanas. Mwisho Edward.

Nikasubiri kamba ishuke tena. Edward akaanza kuikunja.

"Edward, na Masudi?"

Akaangalia chini. "Mama Swaumu, Masudi hayupo."

Hayupo. Jamani, mwanamke akiambiwa hivyo mdomoni mwa shimo, anaelewa kitu kimoja tu.

Sikumbuki vizuri nilifanya nini. Nelly anasema niliishika kamba nishuke mwenyewe, na Edward akawa anapiga kelele, "Sikiliza kwanza! Sikiliza!" na mimi sisikii. Wakanibeba. Wakanikimbiza kwenye uwanja wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe, pale panapomwagwa mchanga uliokwisha kusagwa. Pale hauoti hata unyasi mmoja.

Tukalala kifudifudi, kanga zenye maji vichwani. Moto ukapita pembeni yetu unanguruma kama lori. Vibanda vya turubai vikaenda kimoja kimoja. Changu pia, na masufuria, na kila kitu.

Ulipopita, kukawa kimya. Majivu yanaanguka taratibu.

Mimi nimekaa nalia. Mara akatokea mtu upande ule ulioungua, anayumba, shati limechanika. Uso ulikuwa umevimba wote. Macho hayaonekani, midomo kama maandazi.

Masikini, mpita njia. Nikamwita, nikamnywesha maji.

"Kaka, pole," nikamwambia. "Wewe umepona. Mimi mume wangu amebaki shimoni. Mwanaume mchapakazi, hana mfano bonde zima. Hakuwahi kunidanganya hata siku moja."

Mgeni akakohoa. Akayarudisha maji puani.

"Bama Fwaumu," akasema kwa ile midomo. "Ni bimi."

Nilimtazama. Nikatazama kandambili miguuni mwake, moja ya kijani, moja ya bluu. Nilimnunulia mwenyewe.

Nilimkumbatia nikilia. Nilipomaliza kumkumbatia, nikamzaba kofi. Kwenye ule uvimbe.

Basi ukweli ukatoka. Joto la chini lilikuwa limemshinda, alizimia mara moja akaona aibu kuniambia. Akawa ananiaga asubuhi, anakwenda kushinda porini. Wenzake walijua. Siku hiyo akaona nyuki kwenye mti, akakumbuka yeye ni mtu wa Sikonge, kwa warina asali. Akawasha mwenge wa nyasi awafukize. Nyuki wakakataa kufukizwa. Akautupa mwenge, akakimbia.

Akautupa kwenye nyasi zile.

Wakati ananieleza, spika ikakoroma. Mwenyekiti amerudi, ndiye aliyepona vizuri kuliko wote. "Waliowasha moto ni wafugaji! Kuna mmoja yupo pale na ng'ombe wake, akamatwe!"

Vijana tayari walikuwa na fimbo. Zile zile za kuwindia kanga.

Nikamtazama Masudi. Akainamisha kichwa. "Wataniua, mke wangu."

"Huenda. Na yule wataua mtu asiye na kosa."

Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya watu, nikasimama naye bega kwa bega. Akasema yote, kwa lafudhi ile ile ya Bama Fwaumu. Katikati ya maelezo mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka. Akafuata mwingine. Kicheko kile ndicho kilichomwokoa.

Adhabu yake ilikuwa kujenga upya vibanda vyote. Alijenga mpaka mvua zikaanza.

Somo langu ni fupi. Kiangazi hiki, asali nunua dukani. Na kazi ikikushinda, mwambie mkeo. Masudi aliogopa kuchekwa na mtu mmoja, sasa anachekwa mpaka Chato.