Baba Aligoma Kutoka Makaburini Kwenda Ufukweni, Sasa Nimebaki na Hotipoti za Mama Mkwe

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mchumba wangu naye anasoma ukurasa huu, tena ndiye aliyenionyesha. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Nzuguni hapa Dodoma, nimeajiriwa kwenye ofisi moja ya serikali. Mama alifariki nikiwa chuo. Baba yuko kijijini upande wa Makutupora, ana shamba dogo la zabibu, na mama amezikwa pembeni ya shamba hilo hilo. Mchumba wangu ni mtu wa Bagamoyo, tulikutana hapa hapa Dodoma kikazi. Barua ya posa ilishapokelewa. Kilichobaki ilikuwa baba aonane na mama yake, ndipo tupange siku ya harusi.

Mwenzangu akaja na wazo. Baba hajawahi kuona bahari maisha yake yote, kwa hiyo tumpeleke Bagamoyo afurahi, na hapo hapo akutane na wakwe. Kuna matembezi ya nusu siku: asubuhi muongozaji anawazungusha kwenye magofu ya kale, kisha mnashuka ufukweni. Mama mkwe na shangazi za mchumba wangetusubiri huko ufukweni na chakula. Jamani, nilifurahi! Nikamnunulia baba shati jipya na kandambili za kukanyagia mchanga. Tukapanda treni mpaka Dar, tukalala gesti, asubuhi mchumba akatupitia na gari.

Tulianza vizuri tu. Baba alishika zile kuta za mawe, akauliza walijengea nini mpaka leo zimesimama. Tulipozunguka upande wa pili, tukakuta makaburi. Baba akavua kofia. Akamuuliza muongozaji, "Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe gani, mzee?"

"Ndugu wa marehemu hawa. Tumeingia bila hata hodi."

Kaka wa watu akacheka, akasema hao wamelala pale mamia ya miaka, ndugu zao hawajulikani. Baba hakucheka. Akaanza kupita kaburi moja baada ya jingine, anatoa pole kwa Kigogo, taratibu kabisa. Mimi naangalia saa, mchumba anaangalia simu, mama yake anapiga.

Mwishowe mchumba akasema, "Baba, twende ufukweni, chakula kinapoa. Utaonana na mama, tutapanga mambo yetu, na ukipenda utaingia majini kidogo."

Baba akamtazama. "Mwanangu, mtu anatoka makaburini anakwenda kuchezea maji na kupanga harusi? Kwetu ukitoka makaburini unanawa, unarudi nyumbani, unatulia. Mambo ya harusi yana siku yake."

Mchumba wangu, Mungu amsamehe, akajibu, "Baba, hapa hakuna msiba. Huu ni utalii tu."

Hapo ndipo palipoharibika. Baba akavaa kofia yake, akaenda kukaa kwenye gari. Nikamfuata, nikambembeleza, nikalia, nikamwambia watu wazima wameamka alfajiri kutupikia. Akaniambia, "Anayeita makaburi ya wazee wa kwao utalii, la mama yako ataliitaje? Amekuja nyumbani, amekula, amelala, hajawahi kuuliza mke wangu amezikwa wapi."

Na ni kweli. Lakini nilikasirika mno. Kama ulikuwa na hilo moyoni, baba, kwa nini ulibebe kwenye treni mpaka Bagamoyo?

Bahari tuliiona kupitia kioo cha gari. Mama mkwe alikuja mwenyewe hadi barabarani, amejifunga kanga, amebeba hotipoti mbili. Akainama dirishani, akasema, "Karibu mkwe mwenzangu, na pole kwa safari. Kama hushuki, basi pokea hivi, msafiri haondoki na njaa." Baba akapokea, akashukuru kwa heshima zote, lakini hakushuka. Mchumba akaturudisha mpaka Dar. Na kufika gesti, baba huyo huyo akala wali wa nazi na samaki mpaka akalamba vidole, akasema, "Mama huyu anajua kupika, tena ana utu." Nilitamani kupiga kelele!

Tangu hapo ni vita baridi. Mchumba anasema baba alimfanya mama yake asimame barabarani kama muuza karanga, kwa hiyo aombe radhi kwanza. Nikamweleza habari ya kaburi la mama. Akasema angeambiwa mapema angekwenda siku yoyote, ila sasa haendi, itaonekana amelazimishwa. Juzi akaongeza kwamba mama yake anataka hotipoti zake.

Zilikuwa kwa baba. Nikazifuata Makutupora, nikamkuta ameshazijaza, moja karanga, nyingine zabibu alizochuma asubuhi ile. "Chombo cha watu hakirudi kitupu," akasema. "Mwonyeshe kijana. Aje amsalimie mama yako, halafu nitazirudisha mwenyewe, ninawe kwenye bahari yao. Ila zabibu hazikai, asichelewe."

Nikazibeba mpaka kwangu, nikampigia mchumba nikidhani mambo yameisha. Akasema, "Mama anataka vyombo tu. Vitupu." Nyote mnajua, chombo kikirudi ukweni kitupu, maana yake undugu umekatwa.

Wanaume wawili ninaowapenda, kila mmoja anamsubiri mwenzake ainame kwanza, na harusi ni yangu. Hotipoti ziko mezani hapa, nimetoka kuzifunua sasa hivi. Zabibu za juu bado ngumu, za chini zimeanza kutoa maji. Wenye busara humu ndani, nifanye nini? Nizimwage nizirudishe tupu kama mchumba alivyoagiza, au nipande treni kesho nimpelekee mama yule zikiwa zimejaa, bila baba wala yeye kujua?