Hapana ya Lorna

Mtu akiniambia tena kwamba mlima ndio uliomuua Dalton Prewitt, nitamzaba kibao. Mlima wa watu umekaa zake hapa San Juan tangu dunia iumbwe. Haukumfuata mtu nyumbani.

Lorna, dada yake, ndiye anayetuokea mikate hapa mjini. Mdomo mkali, na hacheki ovyo. Sisi tunaopanda mlimani kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, tuna desturi: mmoja akisema hapana, wote mnageuza. Haulizwi kwa nini. Lorna aliisema kuliko sisi wote, wakambandika jina la Bibi Hapana.

Siku ile tulikuwa wanne: yeye, Dalton, mimi na Kip, rafiki wa Dalton. Bondeni theluji ikatitia ghafla chini ya miguu yetu, vuuf! Lorna akachimba shimo kuipima. Juu theluji mpya, nzito, imeshikamana. Chini yake chembechembe kama sukari, hata ukizibana kiganjani hazishikani. Akagonga kidogo tu na koleo, bamba lote la juu likateleza.

"Hapana," akasema. "Tunarudi."

"Kashaanza Bibi Hapana!" Kip akacheka. "Basi tupige kura."

Kura! Theluji inapigiwa kura tangu lini?

"Dada, si unaziona alama zile za skii kule juu?" Dalton akasema. "Wenzetu wamepita jana, na sasa hivi wanakunywa bia."

"Ya jana ni ya jana. Mdogo wangu, nakuomba."

"Utazeekea jikoni, wewe!"

Wakapanda, yeye na Kip. Mimi na Lorna tukabaki kwenye miti, tunawatazama. Kip alitangulia kushuka, akafika salama, akatupungia mkono kwa kejeli. Dalton akafuata. Hakufika hata katikati. Theluji ya mteremko mzima ikakatika juu yake, ikamfunika.

Kila mmoja wetu huvaa kifuani kifaa kinachotoa na kunasa mawimbi, ili aliyefukiwa apatikane. Lorna alikimbia na chake kinalia, mpaka kikapiga kelele mahali pamoja. Tukaichoma theluji kwa fimbo ndefu, ikagusa kitu, tukachimba kama vichaa. Tukamtoa. Lorna akampulizia pumzi mpaka midomo yake mwenyewe ikapasuka. Dalton hakuamka. Na Kip, kasimama hapo, eti, "Bahati mbaya tu." Bahati mbaya! Shenzi kabisa.

Kanisani mchungaji akasema lile wanalolisema hapa kila wakimzika mtu wa milimani: "Amekufa akifanya alichokipenda." Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wanatabasamu. Kip naye, bila haya.

Lorna akasimama pale pale, kando ya mama yake.

"Alichopenda ni kuteleza," akasema. "Kufa, alikufa kwa kukosa hewa, mdomo umejaa theluji, hawezi kukunja hata kidole. Nimemtoa mimi, nimemwona uso. Semeni mnachotaka huko baa. Lakini msimwambie mama yangu kwamba alikipenda kifo kile."