Chai ya Mlangoni

Mke wa mwanangu akichemsha chai hapa Bungoma ikafurika, harufu ya maziwa yaliyoungua hunirudisha Kitale, kwenye shamba la mzungu ambako baba alikuwa karani.

Msichana niliyekaa naye dawati moja shuleni alitoka kambi ya vibarua. Siku moja alinisindikiza hadi kwetu. Mama akasema, "Mpe mwenzako chai." Vikombe vilikuwepo. Mimi nikachukua kopo la bati, nikampelekea nje. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimeona baba akipewa chai hivyo kwenye mlango wa nyuma wa mzungu, nikadhani ndivyo wakubwa wanavyofanya.

"Si tuingie ndani?" akauliza.

"Watu wa kambi mnanywea hapo."

Akalishika kopo kwa pindo la gauni, maana lilikuwa la moto. Mama akatoka, akaliona.

"Ati nini? Babako akipewa hivi huko, huwa anarudi akicheka?"

Akamshika msichana mkono, akamkalisha kwenye kiti cha baba, akammiminia kikombe kizuri. Msichana akanywa yote, akasema, "Asante, mama," akaenda.

Hakuja tena. Kambi ilikuwa karibu, hata nilimsikia mamake akimwita jioni, lakini sikwenda kumwomba msamaha.