Makofi ya Kupokea

Chumba cha Mama Mapazia na kibanda changu cha viatu vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mengi ya nyumba ile nimeyajua bila kuuliza. Yeye hushona mapazia. Cherehani yake ya miguu ipo karibu na dirisha, meza ya pasi imeegemea ukuta wangu, na mlango wa nyuma unaingia chumba anacholala na mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa malori. Watu walimwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Akicheka uani, mtaa wa pili walijua amerudi safari. Kisha kiharusi kikamkuta usingizini. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, na katika maneno yote aliyokuwa nayo akabakiwa na moja: kesho. Ukimsabahi, kesho. Ukimuuliza kama amekula, kesho. Madereva wenzake walikuja kumtazama wakacheka kidogo, si kwa ubaya, lakini aliwasikia. Tangu hapo mtu akibisha hodi, Honi huinuka akajikokota hadi chumba cha ndani.

Muuguzi alimwambia mkewe kwamba wako wagonjwa wasioweza kusema lakini wanaweza kuimba. Basi akawa kila akipiga pasi anaimba wimbo ambao Honi mwenyewe aliutunga barabarani. Niliuzoea, nikawa napiga misumari kwa kuufuata. Asubuhi moja nikasikia sauti mbili. Nyundo ikabaki hewani. Ya pili ilikuwa nzito, inakwaruza, inachelewa kuanza kila mstari, lakini maneno yalikuwa kamili.

Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Mama Mapazia alikuja kibandani kwangu akakaa juu ya boksi la soli.

"Jirani, ananiimbia mimi tu," alisema. "Na mimi peke yangu simtoshi. Akiweza mara moja tu mbele ya watu, atarudi kuwa mtu wa watu. Asipoweza, atakufa humo ndani akiwa hai."

Hivyo ndivyo zilivyoanza Jumamosi zake. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyejiita Mheshimiwa bila kuchaguliwa na yeyote, alileta kipaza sauti kuukuu na spika inayonguruma kama mtu mwenye mafua. Cherehani ilisogezwa. Mapazia yasiyochukuliwa na wenyewe yakatundikwa ukutani ili sauti isirudi. Mlangoni akabandika karatasi kwamba jioni ile kipaza ni cha kila mtu: mwenye wimbo, mwenye shairi, mwenye kisa, mwenye dukuduku. Alichokuwa akikitafuta tulikijua watatu, yeye, mimi na kinyozi. Na kinyozi aliapishwa, maana kinywa chake hakina komeo.

Jumamosi ya kwanza tulikuwa wachache tukitazamana kama tuliokutana kwa daktari. Mheshimiwa akasema kama hakuna wa kuimba, yeye atasoma bei za kunyoa. Mwishowe akasimama mama muuza mkaa na shairi alilomtungia marehemu mwanawe. Alifika katikati, maneno yakamkimbia. Akabaki anashika shingo, machozi yanamlenga. Mama Mapazia akaanza kupiga makofi, kwa nguvu, kama mtu aliyesikia jambo zuri. Sote tukafuata, na yule mama akakaa kwenye benchi kama aliyemaliza, si kama aliyeshindwa.

Hapo ikazaliwa desturi. Aliyekwama hakuachwa amesimama na aibu yake. Tulimpokea, kama unavyompokea mtu mzigo kichwani. Mkono wa kwanza daima ulikuwa wa mwenye nyumba. Watu waliipenda desturi ile kuliko nyimbo zenyewe. Waoga walikuja kwa sababu yake. Baada ya miezi chumba kilijaa hadi kizingitini, wako waliojuana pale wakaanza kutembeleana, na wasichana wa saluni wakaunda kikundi cha kuimba. Hata mimi nilikuwa nikifika, nikikaa nyuma ya spika ambako hakuna anayekuita.

Honi alisikiliza kutoka ndani. Kwanza mlango ulifungwa. Kisha ukawa unaachwa wazi. Kisha kiti chake kikaonekana mlangoni, kisha chumbani kabisa, kando ya meza ya pasi. Mama Mapazia hakumwambia neno. Alikuwa akishona kila siku mshono mmoja, kama asemavyo mwenyewe, asivute uzi ukakatika.

Wifi yake, dada wa Honi, hakupendezwa. Alikuja siku moja akasema kaka yake si mtoto wa kufundishwa kusimama, na kama ni kumfanya kichekesho kwa watu, yeye ana nyumba na chumba kitupu. Mama Mapazia alimjibu kwa upole ampe muda. Nilimsikia wifi akiondoka anasonya.

Jumamosi iliyofuata, mlinzi wa ghala alipomaliza vitendawili vyake, Honi aliinua mkono wa kushoto.

Alisimama. Alikwenda akiburuta mguu hadi mbele, akakishika kipaza, akakileta mdomoni. Niliweza kuuona uso wake kwa ubavu. Alivuta pumzi akaishikilia, midomo ikicheza, vile vile alivyokuwa akichelewa kuanza mstari. Aliyemsikia kupitia mbao, kama mimi, angejua kwamba huko ndiko kuanza kwake. Wengine waliona mgonjwa amekwama. Spika ilinguruma. Mtu akakohoa. Mama Mapazia alikuwa ameshika ukingo wa cherehani, jasho limemtoka, na nadhani hakuona tena mume wala wimbo. Aliona mtu aliyesimama na aibu inamjia.

Akapiga makofi.

Chumba kizima kikamfuata, kwa mapenzi yote waliyokuwa nayo, na vigelegele juu. Honi aliwatazama. Akamtazama mkewe. Akakiweka kipaza juu ya meza, taratibu, akapita kati ya watu wanaompigapiga begani, akaingia ndani.

Watu waliondoka na furaha. Ni Mheshimiwa aliyebaki kukunja nyaya, naye alidhani anatoa pongezi.

"Mama, mzee alikuwa ameshaanza," alisema. "Sikio langu lilikuwa kwenye spika. Neno la kwanza lilitoka, la pili likamezwa na makofi."

Mama Mapazia alimwomba arudie. Akarudia, safari hii polepole, kwa sababu alianza kuelewa anachokisema. Kisha akajaribu kufuta, kwamba pengine ilikuwa mikwaruzo ya waya tu.

"Hapana," mama akasema. "Mkono wangu ndio uliotangulia."

Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona.

Siku zilizofuata niliisikia pasi na sauti moja, ya Mama Mapazia. Alianza mstari akaacha nafasi, akaanza tena. Siku ya tatu ikabaki pasi peke yake. Wifi alipopata habari alikuja na gari la kukodi. Alimuuliza kaka yake mbele yetu sote kama anataka kwenda. Honi aliingia ndani akatoka na begi lake la safari limening'inia kwenye mkono mzima. Mkewe alimfunga kamba za viatu. Alimwambia atakuja kumwona Jumatatu, na Honi akatazama barabara.

Tulidhani Mama Mapazia ataziacha Jumamosi zake. Jumamosi alifungua mlango kama kawaida, akapanga mabenchi. Msichana mmoja wa saluni, ambaye hajawahi kuimba peke yake, alikwama kwenye ubeti wa kwanza. Mikono ya watu ikainuka, macho yakamgeukia mwenye nyumba. Yeye mikono yake alikuwa ameibana katikati ya magoti.

"Tusubiri," alisema.

Tukasubiri. Kilikuwa kimya kibaya, watu wanatazama sakafu yenye vipande vya uzi, na wawili walitoka wakinong'ona kwamba nyumba hii imeharibika. Msichana alimeza mate. Baada ya kitambo akaanza tena, chini, kisha juu kidogo, akafika mwisho. Nilimtafuta Mama Mapazia nimwone usoni. Alikuwa ameshatoka kwenda uani.