Kifungo cha Shingoni

Mkanda wa kamera umemchimba alama shingoni mpiga picha huyu, na viganja vyake vinanuka chuma cha madirisha ya treni. Mwaka huu, kila aliporudi Pune, awe ametoka Bikaner au Shillong, alipitia kwanza dukani kwangu kusafisha picha, na kila uso aliuagiza mara mbili. Nakala moja aliituma kwa mwenye uso huo kwa posta kabla mhariri hajaiona. Jana mhariri wa kalenda, Bwana Apte, alizipekua zote juu ya kaunta yangu.

"Dada, mwaka mzima unazurura India nzima, hukukuta hata mmoja anayecheka? Hizi ni picha za kutundikwa ukutani na kuvishwa shada mtu akishakufa. Nani atanunua kalenda ya marehemu?"

"Wanacheka sana," alijibu kwa ile sauti yake iliyokauka kwa vumbi. "Nikiinua kamera ndipo wanafunga kifungo cha shingoni na kunyamaza. Hawakutazami wewe, bwana. Wanawatazama wajukuu zao."

Akazikusanya picha zake, akazitia mkobani. Kisha akanikabidhi kamera, akasimama mbele ya ukuta wangu mweupe, akafunga kifungo chake cha shingoni.

"Haya, nipige na mimi. Na ole wako uniambie nicheke."