Mitungi ya Ijumaa Jioni

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi, si kipimo. Kilikuwa kituo cha kukusanyia maziwa huko Kakiika, pembeni mwa Mbarara, na mimi nilikuwa nimetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale alfajiri, juu ya lori la maharagwe, kitenge changu chote vumbi. Msimamizi wetu alikuwa askari mstaafu. Jina lake la ubatizo sikulisikia hata mara moja. Sote tulimwita Afande. Alinionyesha mitungi ya alumini iliyopangwa ukutani, akaniambia kwa Kiswahili chake cha jeshini:

"Wewe nyabo, sikia. Hapa maziwa iko kama mtu ya kuingia geti. Haipiti bila kukaguliwa. Na ng'ombe hana Jumapili, umesikia? Nakamuliwa siku yote."

"Ndiyo, Afande," nikajibu.

Mimi Spesioza ni Mkatoliki kutoka Burundi, nilibatizwa nikiwa mchanga, na hapo hapo niliitoa Jumapili yangu bila hata kukohoa. Ninyi vijana mtanicheka. Lakini mkimbizi aliyepata kazi haanzi kwa kuomba ruhusa.

Nilisugua mitungi mpaka vidole vikapasuka, ndipo nikafundishwa kupima. Kwanza pua: unafungua kifuniko na kunusa upesi, kabla hewa haijaondoa harufu. Halafu lakitomita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Kikizama mno, kuna mtu ametia maji. Mwisho spiriti: unachanganya na maziwa sawa kwa sawa kwenye kichupa, yakifanya chembechembe yameanza kuchacha, yanarudi kwa mwenyewe. Nilikuwa hodari. Wafugaji walinikasirikia, lakini hakuna aliyewahi kunidanganya mara mbili.

Kwa sababu hiyo Afande alinihamishia kituo kidogo cha Juru, ndani ya Nakivale penyewe, karibu na nyumbani kwangu. Juru hatukuwa na tangi la kupozea. Maziwa yalikuja kwa baiskeli asubuhi na jioni, tukayapima, lori likayabeba kwenda Kakiika. Mtungi ambao haujapimwa haukupanda lori, na maziwa ya jioni yakilala hapo, kesho yake ni ya kumwaga. Afande sasa alisimamia Juru na kituo kingine cha Ngarama pamoja, akizunguka kwa pikipiki. Kazi ilipozidi akaniletea mwenzangu wa kupima, Mkongo mmoja, mjane mwenye watoto watatu, jina lake Debora.

Siku ya kwanza kabisa, hata brashi hajashika, Debora alimwambia Afande:

"Chef, mi nitatumika muzuri. Lakini siku ya posho sitatumika. Kuanzia Ijumaa jua inaanguka mpaka kesho yake jua inaanguka, iyo ni Sabato ya Mungu."

Siku ya posho ndivyo Wakongo wanavyoita Jumamosi, na kutumika kwao ni kufanya kazi. Nilingoja Afande alipuke. Alimtazama, akajikuna kidevu, akacheka.

"Huyu mama haogopi mtu! Sawa. Jumamosi utashika wewe Spesioza. Yeye atashika Jumapili, wewe utapumzika."

Hivyo ndivyo nilivyorudishiwa Jumapili yangu: kama makombo yaliyobaki kwenye sahani ya Debora. Miaka yote ile sikuwahi kuiomba. Yeye aliomba yake mara moja, tena amesimama wima, akapewa. Wanasema hasidi hana sababu. Mimi sababu nilikuwa nazo, nikaziongeza kila wiki.

Nilimwonea wivu kwa jinsi Afande alivyomtaja kule Ngarama, "yule mama wa msimamo." Nilimwonea wivu kwa Ijumaa zake. Mchana alikuwa keshafagia ua na kupika maharagwe ya siku mbili, na jua likizama watoto wake wameoga wanaimba. Jumamosi hashiki jembe wala hafui. Mimi Jumapili yangu nilitoka kanisani nikaingia shambani, nikitoka shambani nikafua. Siku moja mume wangu akasema, "Mama Debora anajua kupumzika." Nilimtilia chumvi nyingi kwenye mboga jioni ile.

Nikaamua kumshinda kwa maneno. Nilimwendea katekista wetu, akanifundisha vizuri, nikarudi nikiwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Tukiwa tunasubiri lori nikamwambia, "Bwana alifufuka Jumapili. Wakristo wa kwanza walikusanyika Jumapili. Wewe bado uko kwa Musa?"

"Ufufuko ni furaha yetu sisi bote, Mama Spes," akajibu, akipangusa kipimo. "Lakini amri inasema siku ya saba. Ni wapi Yesu alisema tubadilishe?"

"Kanisa lilipewa mamlaka."

"Basi shika yenu na moyo yote. Mi siwezi kukukataza."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Ningefurahi angenitukana. Ukweli ni kwamba siku ya Mungu ni ipi halikuwa swali langu. Nilitaka ashindwe, basi.

Nafasi ikaja msimu wa mvua, majani yalipokuwa mengi na maziwa yakafurika. Kwa kawaida Ijumaa alipima pamoja nami mpaka saa kumi na mbili, akaenda zake, nami nikamalizia foleni peke yangu. Ijumaa ile, saa kumi na moja, foleni ya baiskeli imefika barabarani, nikajishika tumbo.

"Debora, naumwa. Naenda nyumbani."

"Nenda ulale, dada. Pole sana," akasema.

Sikwenda kulala. Niliingia kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, nikakaa nyuma ya pazia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: akiacha mitungi, watu watamlaani na Afande atamfukuza. Asipoiacha, Sabato yake imekwisha, na hatakuwa tena na msimamo wa kunizidi. Kotekote nilikuwa mshindi.

Jua likagusa kilima. Debora akainua kichwa, akalitazama, kisha akatazama mitungi. Mzee mmoja Mrundi mwenye mtungi mmoja tu akamwambia kitu, nadhani alimsihi. Debora akanawa mikono, akafungua kifuniko kilichofuata na kunusa. Alipima mpaka wa mwisho, machozi yanamtiririka, akiyafuta kwa bega ili yasidondoke ndani ya maziwa. Mzee wa kanisa lake alipita kwa baiskeli akielekea kwenye maombi ya kufungua Sabato. Alisimama, akamwangalia kwa muda, akaondoka bila salamu.

Jumamosi nilipona ghafla, nikaenda kazini. Jumapili jioni, Debora alipotoka kazini, alipiga hodi kwangu akiwa na termosi.

"Nimekuletea uji ya mutama. Inatuliza tumbo."

Niliunywa mbele yake. Alikaa kidogo, akauliza habari za watoto, akaenda. Jumatatu ndipo mfugaji mmoja aliponieleza kwamba kanisani Jumamosi walikuwa wamemvua Debora kazi ya kufundisha watoto, miaka sita aliyoifanya, kwa kuvunja Sabato hadharani. Alikwisha kuvuliwa aliponiletea uji, na hakulitaja. Tumbo langu lilianza kuuma kweli.

Nilivumilia mpaka Jumamosi iliyofuata. Baada ya maziwa ya asubuhi nilikwenda kwenye kanisa lao la turubai, nikamwita nje yule mzee wa kanisa, nikamwambia nina neno la kesi ya Debora.

"Leo ni Sabato, mama," akasema. "Leo hatukati maneno ya batu. Kuya kesho, saa nne."

Kesho ilikuwa Jumapili. Juru padri alikuwa akija mara moja tu kwa mwezi, na kesho ndiyo siku yake, misa saa nne, na somo la kwanza nilipangiwa mimi. Nilirudi nyumbani nikimlaumu Mungu na kalenda zake zote mbili.

Asubuhi nilimpelekea katekista kitabu cha masomo. "Tafuta mwingine," nikamwambia, sikueleza. Nikaketi chini ya lile turubai mbele ya wazee watano, na Debora ametoka kituoni na gauni lake la kazi. Nikasema yote: foleni, tumbo, kibanda cha chai, pazia. Kengele ya misa yetu ilikuwa ikisikika.

 Mzee mmoja akauliza, "Kwa nini ulimufanyia ivo?"

"Wivu," nikasema. Sikupata neno lingine.

Debora alinigeukia. "Na uji yangu ulikunywa," akasema.

"Nilikunywa."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Wakamrudishia watoto wake wa kufundisha siku ile ile, wanawake waliokuwa nje wakaingia kwa vigelegele, wakamzunguka, wakamshika mabega. Mimi nilibaki kwenye benchi peke yangu.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baadaye, mpaka macho yangu yakashindwa kusoma lakitomita na msimamizi mpya akaniaga kwa soda na keki. Sasa siku zote saba ni zangu. Vijana wa jumuiya yetu wakigombana na vijana wa Jumamosi huja kuniuliza siku ya kweli ni ipi, maana wanajua nilikaa na watu wa pande zote mbili. Nawaambia mimi ni mtu wa Jumapili na nitazikwa hivyo. Ila katika Jumapili zote nilizopata maishani, ile moja niliyokosa misa ndiyo pekee niliyompa Mungu kitu kilichoniuma kukitoa. Na vigelegele alipigiwa Debora. Mpaka leo hilo sijalipenda.