Waya Mweusi wa Mama Kendi

Mara ya kwanza Rita aliponiambia kwamba mumewe anarudi nyumbani na harufu, nilivuta kiti nikakaa vizuri. Mimi ni muuguzi, habari za ndoa za watu nimezisikia nyingi wodini, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kwenye fleti yao hapa Newtown, Birmingham. Nilijua tu kwamba nitatajiwa marashi.

"Harufu gani, Mama Kendi?"

"Ya vumbi la tofali, Milka. Ile ya kutoboa ukuta na drill. Na hana hata haya, koti anatundika hapo mlangoni."

Nilidhani ananitania. Wapi! Alienda akapekua mifuko ya lile koti, akarudi na vipande vitatu vya waya, akaviweka mezani mbele yangu kwa hasira ya mwanamke aliyekuta hereni isiyo yake. Kimoja alikiinua akakinusa.

Sasa lazima niseme huyu Rita alikuwa nani, maana ukimwona akikimbilia basi na sare yake ya zambarau hutajua. Kule Meru alikuwa mkandarasi wa umeme mwenye leseni, na leseni yenyewe ya daraja kubwa. Sisemi fundi wa kubadilisha swichi. Alifunga umeme kwenye mashine za kusaga, kwenye bweni la shule, kwenye kanisa la watu elfu. Jairus alikuwa fundi wake kabla hajawa mume wake, na hata baada ya harusi alifanya kazi chini ya leseni ya mkewe. Watu walimwita bwana wa Mama Stima, yaani Mama Umeme, naye alicheka tu.

Kisha wakaja Birmingham, na mambo yakapinduka. Viza ilikuwa ya Rita, ya kutunza wazee. Jairus na binti yao Kendi waliingia kama wategemezi wake. Kumbe mwenye viza ndiye aliyefungwa kwa kampuni iliyomleta, na mtegemezi yuko huru kufanya kazi anayoitaka. Ukimwuliza Rita, atakwambia sheria hiyo ilitungwa na mtu aliyekuwa akimlenga yeye.

Leseni yake aliibeba kwenye mkoba wa mkononi, hakuthubutu kuitia sandukuni. Alidhani inahamishwa, kama mtu anavyomhamisha mtoto shule: unapeleka karatasi, wanakupa karatasi. Akaambiwa uzoefu wake ni mzuri sana, hongera, lakini hapa fundi anatambuliwa kwa kadi, na kadi haitoki mpaka usome kanuni zao, ufanye kazi za hapa hapa chini ya fundi mwenye kadi, kisha uingie mtihani wa vitendo. Kazi za hapa hapa angezifanya saa ngapi, na kampuni inamtuma kwa wazee wa mtaa wa Great Barr asubuhi na jioni?

Wakakubaliana, na hili walikubaliana mbele yangu. Jairus atangulie. Akishapata kadi, zile saa chache ambazo viza inamruhusu Rita kufanya kazi nyingine, atafanya chini ya mumewe, naye Jairus atamtilia saini mpaka apate ya kwake. Kwa hiyo kadi ya Jairus ndiyo ilikuwa mlango wa Rita. Aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote, na bado roho ikamuuma.

Jairus alipata kazi kwa Gurnam Singh, mkandarasi aliyezaliwa Kisumu ambaye Kiswahili chake kimebaki cha miaka ile alipoondoka. Kila jioni Jairus alikuja na hadithi. Leo tumefanya rewire, nyaya mpya nyumba nzima, kesho tunabadilisha board ya fyuzi. Alizungumza akitafuna, mikono ikichora hewani, na Rita alimwangalia ile mikono kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwenzake. Akiulizwa siku yake ilikuwaje, alijibu kwa neno moja: "Nepi."

Kilichommaliza ni Manubhai. Huyu ni mzee wa Kigujarati aliyekulia Jinja, mmoja wa wazee wake wa Great Barr, na walikuwa wakiongea Kiswahili mpaka anamsahaulisha uchovu. Siku moja taa ya jikoni kwa mzee ikazimika. Kampuni inakataza mtunzaji kugusa kitu chochote cha umeme, hata balbu. Rita alimpikia uji kwa mwanga wa simu wakingoja fundi.

"Mama, wewe si fundi?" Manubhai akamwuliza. "Panda kiti, tengeneza."

"Siruhusiwi, baba."

Akaja kijana mmoja, akahangaika na taa ile mpaka uji ukapoa, naye Rita amesimama ameshika taulo, anaona kosa liko wapi, mdomo ameufunga. Alinisimulia huku analia, na nikamwonea huruma kweli. Lakini huruma yangu ilikomeshwa na alichofanya Jumapili iliyofuata, na sasa nakuja hapo.

Mtihani wa Jairus ulikuwa Jumatano. Jumapili baada ya kanisa alisafisha meza ya jikoni, akaweka ubao wenye vituo vya kufungia nyaya na kipande cha kebo yenye nyaya nne, akamwomba mkewe amwangalie. Niliwapisha nikaenda kulala, kwa hiyo yaliyotokea niliyasikia kwa Rita mwenyewe, Jumatano asubuhi, Jairus akiwa ameshaondoka.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa, na mimi si fundi. Kwenye umeme mkubwa, ule wa viwandani wanaouita three-phase, kuna nyaya tatu za moto, ndizo phase, na mmoja wa kurudisha, ambao mafundi huuita nyutro. Kule kwetu Rita na Jairus walifundishwa kwamba za moto ni nyekundu, manjano na bluu, na mweusi ndio nyutro. Hapa Uingereza wamegeuza: bluu ndio nyutro, na mweusi ni wa moto. Rangi hizo mbili ni zile zile ila zimebadilishana kazi. Mfaransa, ambaye kwao rangi ni hizi hizi za hapa, hawezi kukosea hapo, wala mtoto aliyesomea hapa. Anayekosea ni mtu wetu, ambaye mkono wake ulizoea kule. Na kwenye nyumba za kawaida ambako Jairus alikuwa akifanya kazi, waya mweusi mpya hauonekani kabisa, kwa hiyo mkono haukupata nafasi ya kusahau.

Jumapili ile Jairus alifunga nyaya zote nne kwa haraka ya fundi, ila ule mweusi akauweka kwenye nyutro.

"Iko sawa?" akauliza.

Rita aliuona. Alisema aliuona kabla hata skrubu haijakazwa.

"Iko sawa," akamjibu.

Niliweka kikombe chini. "Mama Kendi, unaniambia umemwacha mumeo aende na kosa?"

"Unajua vile anavyonitazama siku hizi? Ananionea huruma. Mimi! Jairus ananionea huruma mimi!"

"Hiyo kadi si ndiyo ya kukutoa wewe?"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nilitaka akose, Milka. Mara moja tu. Arudi hapa akae na mimi chini."

Alisema waziwazi hivyo, na machozi hayakuwepo. Wivu wa mwanamke mwenzako juu ya mwanamume ninauelewa, hata kutukanana nimeshawahi kushuhudia. Huu wa kumwonea mtu gere kwa vumbi, kwa viatu vyenye matope, ulinishinda. Nikampandishia sauti.

"Chukua simu. Mpigie saa hii!"

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa, maana mtihani ulishaanza. Akaiweka mezani na kusema, "Nimejaribu." Na uso wake ukatulia, ukalainika kabisa kama mtu aliyetua ndoo. Hapo ndipo nilipomkasirikia hasa, kuliko hata kwa lile neno la Jumapili.

Jioni nilipika chapati. Sijui nilikuwa nazipika za furaha au za matanga. Rita alirudi mapema, akakaa bila kuvua sare, akiusikiliza mlango. Jairus alipoingia, Kendi ndiye aliyemdaka wa kwanza.

"Dad! Did you pass?"

"Nimepita."

Mtoto akapiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Rita akasimama, akampigia mumewe makofi, akamkumbatia, yote kwa haraka mno. Kisha akashindwa kujizuia. Ufundi ulimsukuma, au ni ule ule wivu, sijui.

"Na ile ya three-phase? Haikukusumbua?"

Jairus aliinama kufungua kamba za viatu. "Bluu kwa neutral. Mweusi kwa phase ya pili. Ilikuwa rahisi."

"Lakini Jumapili..." Rita akaanza.

"Jumapili nilijua," Jairus akasema, macho bado kwenye viatu. "Niliuweka pale makusudi. Mwaka mzima unanusa koti langu. Nilitaka kuona kama utaniambia."

Niliishika ile sahani ya chapati nisijue niipeleke wapi. Nilimkasirikia na yeye pia, sitaficha: mtu mzima kumwekea mkewe mtego wa waya, badala ya kukaa naye wakaongea. Kendi alitutazama mmoja mmoja. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hakujua kilichosemwa ni nini. Nikamwambia apeleke sahani sebuleni.

"Nilikupigia leo asubuhi," Rita akasema kwa sauti ndogo. "Mwulize Milka."

"Nimeiona. Asante."

Hakuna aliyeketi. Jairus alivua kiatu cha pili, akaviweka vyote viwili vizuri pembeni, akanawa mikono. Alipoongea hakuwa na ukali wowote, na nadhani ukali ungekuwa nafuu.

"Nilichokuahidi sijabadilisha. Kadi ikitoka, Gurnam ananiachia kazi ya Digbeth, ile ghala wanayoigeuza ukumbi. Umeme mkubwa, kazi yako kabisa. Utakuja, utafunga, nitakusainia. Lakini kila waya utakaofunga, nitaufungua niuangalie mimi mwenyewe kabla hatujawasha."

Rita alishika mgongo wa kiti. Tangu nimjue, sikuwahi kumsikia mtu akiitilia shaka kazi ya mikono yake, hata wale waliomnyima kadi.

"Ndivyo kanuni za hapa zinavyosema?" akauliza.

"Hapana," Jairus akasema. "Ni kwa sababu ya Jumapili."